Ligi ya sataranji mtandaoni iliyolala: dhana potofu na ukweli

Ligi ya sataranji mtandaoni haifi kwa kishindo. Viporo, yaani michezo iliyoahirishwa, hurundikana, msimamo hukaa wiki tatu bila kuguswa, kisha kimya. Anayetaka kuiamsha hukutana na maneno yaleyale.

"Wachezaji wameisha." Hawajaisha. Wengi wao bado wanacheza kila usiku, michezo ya dakika tatu tatu, na watu wasiowajua. Aliyekosekana ni mpangaji. Kuna kuandikisha, kupanga nani akutane na nani, kukumbusha, kuamua pointi za mezani na kusahihisha msimamo. Mtu mmoja akiyabeba yote, siku akihamishwa kazi au akipata mtoto mchanga, ligi nayo inalala. Kwa hiyo kabla ya kutangaza msimu mpya, pata watu watatu: wa ratiba, wa viporo na malalamiko, na wa msimamo. Wote watatu wawe na ruhusa kamili za usimamizi, ili asipokuwepo mmoja mlango usijifunge.

"Ligi ya kweli ni kila mtu kucheza na kila mtu." Fanya hesabu. Wachezaji 24 wakikutana wote mara moja tu, ni raundi 23 na michezo 276. Watu wanaocheza baada ya kazi hawaufikii mwisho huo. Mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza Zurich mwaka 1895, hukutanisha wenye pointi zinazokaribiana, na hakuna anayetolewa. Raundi tano kwa watu haohao ni michezo 60. Mimi naamini dhana hii imezika ligi nyingi kuliko ukosefu wa ari, kwa sababu kila kiporo huzaa kingine.

"Bila mfadhili hatufiki." Mwaka 1995, seva ya sataranji iliyokuwa ya bure ilipogeuzwa biashara, watu wa kujitolea walijenga seva nyingine, FICS, ili mchezo ubaki bure. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, inaendeshwa kwa michango na haina matangazo. Humo ndimo inamochezwa Lichess4545, ligi ya timu inayosimamiwa na watu wa kujitolea: mchezo mmoja kwa wiki, dakika 45 kwa kila mchezaji na sekunde 45 za nyongeza kwa kila hatua. Wapinzani hupatana wenyewe siku na saa.

Hapo kwenye saa ndipo ligi yetu ya Waswahili ina kazi ya ziada. Wengi hudhani "saa tatu usiku" inajieleza. Kwa mchezaji wa Mombasa ni 21:00. Dakika hiyohiyo Goma ni saa mbili, Muscat ni saa nne, na kijana aliyekulia London akiona "saa tatu" anaweza kuelewa 3:00. Watu wawili waungwana wanangojeana saa nzima, kila mmoja akiamini mwenzake amemdharau. Andikeni saa za Afrika Mashariki kwa tarakimu, 21:00, na pembeni 18:00 UTC, saa ya kimataifa. Kanuni hii ndogo inazuia ugomvi mwingi kuliko kamati yoyote ya nidhamu.

"Mtandao ukikatika, tutaelewana." Katika fainali ya Olimpiadi ya mtandaoni ya mwaka 2020, wachezaji wawili wa India walikatikiwa mtandao wakicheza na Urusi, na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ikaishia kuzipa nchi zote mbili dhahabu. Ninyi hamna dhahabu ya kugawa mara mbili, basi andikeni mapema: aliyekatika saa yake inaendelea, au mchezo unarudiwa?

Kuhusu wanaosaidiwa na kompyuta, hisia za nahodha si ushahidi. Peleka ripoti kwa wasimamizi wa jukwaa, na usitaje jina la mtu hadharani.

Mwisho, "tukitangaza, watarudi." Tangazo husomwa na wote, na kila mmoja hudhani linamhusu mwenzake. Chukua orodha ya msimu wa mwisho, mwandikie kila mtu kwa jina lake, umuulize jambo moja: "Unaweza kucheza mchezo mmoja kwa wiki, kwa wiki tano?" Wakikubali 12, panga raundi ya kwanza.