Je, wajua? Strikinini haimchochei chura, inamwondolea breki

Chura aliyekatwa kichwa ukimchovya kidole cha mguu kwenye asidi hafifu, huukunja mguu na kuuchomoa. Ubongo haupo, amri imetoka kwenye uti wa mgongo. Sasa mtie kidogo strikinini, sumu inayosababisha mikakamao, subiri, kisha gonga meza tu. Miguu ya nyuma inanyooka yote miwili kwa mpigo na mwili unakakamaa kama gogo.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba strikinini huamsha neva na kurare, sumu ya kulegeza misuli, huzilaza, hivyo zikikutana zinafutana kama asidi na alikali. Sivyo hata kidogo.

Strikinini haiamshi kitu. Ndani ya uti wa mgongo zimo neva ambazo kazi yake ni kuzinyamazisha nyingine. Hutoa glisini, kemikali ya kupeleka ujumbe, nayo hufungua vitundu vya kupitisha kloridi, na neva iliyoipokea inakuwa nzito kuamka. Strikinini hukalia kiti cha glisini bila kufungua chochote. Chukua gari lililoegeshwa mteremkoni: ukilegeza breki ya mkono, kisukumo kidogo tu kinalipeleka hadi bondeni, na hakuna aliyekanyaga mafuta. Ndiyo maana chura huyu anaweza kutulia mpaka aguswe. Kwa kawaida msuli wa kukunja ukiitwa, wa kunyoosha huamriwa ulegee. Breki ikitoka, yote inaitwa kwa pamoja, na ya kunyoosha, kwa kuwa ina nguvu zaidi, inashinda.

Kurare nayo haiigusi breki hiyo. Yenyewe huziba njia ya asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamrisha msuli, pale neva inapokutana na msuli: injini inanguruma, shafti imekatika. Katika miaka ya 1850, mwanasayansi Claude Bernard wa Ufaransa alizuia damu isifike miguu ya nyuma ya chura, neva akaziacha, kisha akampa kurare. Sehemu ya mbele ililegea kabisa. Lakini alipoifinya ngozi ya sehemu hiyo iliyolegea, miguu ya nyuma iliruka! Uti wa mgongo ulikuwa hai na ukisikia kila kitu.

Mpinzani wa kweli zaidi wa strikinini ni diazepamu, dawa ya kutuliza inayoitia nguvu breki nyingine ya uti wa mgongo, ile inayotumia kemikali iitwayo GABA. Hata hivyo, nayo haiing'oi strikinini kwenye kiti cha glisini.

Tena sumu hizi mbili zina ukoo. Strikinini hutoka kwenye mbegu za Strychnos nux-vomica, mti wa Asia. Aina mojawapo ya kurare hutengenezwa kwa gome la Strychnos toxifera, wa Amerika Kusini.