RNA ndogo na nasaba yako havijuani

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha harusi huku Pasua, Moshi, tukisubiri mweka hazina amalize kuhesabu michango, mzee mmoja mwenye heshima zake alituambia kwamba kuna dawa mpya za virusi, "za RNA", zinazobadilisha vinasaba vya mtu ili kirusi kikija kisimtambue. Vijana waliguna. Mimi niliinamia soda yangu, maana huwezi kumkosoa mzee mbele ya wakwe. Lakini hiyo ilikuwa mara ya nne mwaka huu nasikia maneno hayo, na mara ya tatu yalitoka kwa mtu anayefundisha baiolojia.

Maana yenyewe ni fupi. RNA ni kemikali ya ndani ya seli, ndugu wa DNA, yaani vinasaba; aina moja yake hubeba ujumbe, yaani nakala ya maelekezo ya jeni ya kutengeneza protini. RNA ndogo ninazozisema ni vipande vya nyuzi mbili, urefu wake herufi (vijenzi vyake vya kemikali) 21 hadi 23 hivi. Kikiingia ndani ya seli, uzi mmoja hutupwa, wa pili hushikwa na protini iitwayo Agonauti. (Jina hilo lina kisa: kuna mmea mdogo wa maabara ambao jeni ya protini hiyo ilipoharibika, majani yake yalijikunja mpaka watafiti wakaona kama pweza mdogo aitwaye agonauti.) Uzi ulioshikwa hutafuta ujumbe wenye herufi zinazooana nao, na ukiupata, protini inaukata. Ujumbe uliokatwa hausomeki, na protini iliyokuwa itengenezwe haitengenezwi. Kirusi kikikosa protini zake, hakizaliani. Kazi hiyo yote inaitwa kunyamazisha jeni.

Sasa tuje kwenye neno linaloniudhi. Vinasaba limetoka kwenye nasaba, neno tulilolichukua kwa Waarabu, na kila aliyewahi kutuma mshenga analijua. Nasaba ndiyo inayoulizwa kabla ya posa: binti ni wa ukoo gani, babu yake alikuwa nani, ni wa Kibosho au wa Machame. Ni kitu unachopewa na waliokutangulia na unachowaachia watakaokufuata. Waliolichagua neno hilo kwa ajili ya DNA walifanya kazi nzuri kuliko Waingereza, kwa sababu herufi tatu za Kiingereza hazikuambii chochote, ila "vinasaba" linakuambia papo hapo kwamba hapa tunazungumzia urithi.

Na kwa sababu hiyo hiyo, kusema RNA ndogo inabadilisha vinasaba ni kosa ambalo neno lenyewe linakukatalia. Dawa hii haikurithisha kitu. DNA yako imekaa ndani ya kiini cha seli. RNA ndogo inafanya kazi yake nje ya kiini, kwenye ute wa seli, inakata jumbe zilizokwisha kutoka, halafu baada ya muda inavunjwavunjwa na kuisha. Kadi ya mchango ina jina la ukoo juu yake, lakini hakuna anayesema ukichana kadi umeuchana ukoo.

Zile jumbe nazo zina jina zuri: RNA mjumbe. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na mjumbe wetu wa nyumba kumi amekuwa akijifichia kwenye methali hiyo miaka yote. Hapa methali inavunjwa mchana kweupe. Anayekatwa ni mjumbe. Aliyemtuma anabaki ofisini kwake.

Hapo ndipo kosa la pili linapoingia, lile la kusema dawa hii "inaua" kirusi. Chukua homa ya ini ya B, ambayo huku kwetu si ugeni. Kirusi chake kikishaingia kwenye seli ya ini, kinaweka DNA yake ndani ya kiini ikiwa imejifunga kama pete, na kutoka pale kinatuma wajumbe. RNA ndogo zinazojaribiwa dhidi yake huwakata wajumbe hao, na protini ya kirusi iliyokuwa imejaa kwenye damu inashuka. Pete haiguswi. Ndiyo maana watafiti wanaijaribu pamoja na dawa nyingine, zikiwemo za kuamsha kinga, badala ya kuitegemea peke yake. Neno kunyamazisha lilichaguliwa kwa makini: mtoto aliyenyamazishwa kwa ziwa bado yuko mgongoni.

Ajabu ni kwamba mambo haya hayakuanzia hospitali. Yalianzia kwenye maua, yale ya petunia ambayo ungeyapita kwenye bustani za miche bila kugeuka. Mwaka 1990 watafiti Marekani walitaka zambarau ikolee zaidi, wakaongeza jeni ya rangi hiyo. Maua yakatoka meupe, mengine mabakamabaka. Jeni ya kuongezwa na ya asili zote zilikuwa zimenyamazishwa. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwa minyoo kwamba kinachowasha shughuli hiyo ni RNA ya nyuzi mbili, na mwaka 2006 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimea lakini ilikuwa ikipigana na virusi kwa njia hiyo tangu zamani bila tuzo. Kuna mihogo inayopata batobato, ugonjwa wa virusi, kisha ikatoa majani mapya safi, na kunyamazisha huku ni sehemu ya sababu.

Kwa binadamu safari imekuwa ngumu, hasa kwa sababu RNA tupu ikiingia kwenye damu inaharibiwa upesi, kwa hiyo hufungwa ndani ya mafuta au hushikizwa sukari ambayo seli za ini huivuta. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani, mwaka 2018, ilikuwa patisiran, na ni ya ugonjwa wa kurithi, si wa kirusi. Iliyojaribiwa kwa Ebola huko Sierra Leone mwaka 2015 ilisimamishwa kwa kuwa haikuonyesha kusaidia. Kwa hiyo anayekuambia dawa ipo dukani ya kunyamazisha mafua, mwombe akuonyeshe duka.

Chanjo ni habari nyingine kabisa. Chanjo ya RNA huleta ujumbe ili usomwe. RNA ndogo huja kuukata ujumbe usisomwe. Na ile ya korona ya Janssen iliyotufikia hapa Tanzania, Julai 2021, haikuwa ya RNA hata kidogo. Ilibebwa na kirusi kilicholemazwa chenye DNA. Watu waliichomwa, wakarudi kijiweni kusema wamechomwa RNA.

Mzee wangu wa Pasua, shikamoo. Neno ulilolihitaji siku ile ni "wajumbe". Sema "dawa inayokata wajumbe wa kirusi" na hakuna mwalimu atakayekupinga. Vinasaba tuwaachie washenga, na kikao kijacho ni Jumapili saa kumi.