Kituo cha mchana si makao ya wazee

Mtu akisikika kampeleka mama yake mwenye dimensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, kwenye kituo cha mchana, majirani humaliza kesi kwa neno moja: kamtupa. Hapo vitu viwili vimechanganywa. Makao ya wazee mtu huhamia. Kituo cha mchana huenda asubuhi na jioni akarudi kulala kwake.

Tazama Japani, ambako huduma hii imo katika bima ya matunzo iliyoanza mwaka 2000. Asubuhi gari la kituo hufika mlangoni. Mzee hupimwa presha na joto la mwili, huogeshwa, hula chakula cha mchana, hufanya mazoezi mepesi na kuimba na wenzake. Wengi hulipa asilimia 10 tu ya gharama za huduma, ingawa chakula hulipiwa kando. Hilo la kuogeshwa si dogo: muulize aliyewahi kumwogesha mtu mzima anayeogopa maji na asiyemtambua anayemvua nguo.

Wengine hudhani mwanafamilia sasa anastarehe. Wapi! Asubuhi ndipo penye kazi: mzee kagoma kuvaa, anaapa haendi popote, na gari linangoja nje. Usiku aliamka mara kadhaa kutafuta mlango. Kwa hiyo saa zile za mchana anayemtunza huenda kazini, hufua mashuka, au hulala tu. Hatia humwandama siku za mwanzo, hasa mzee akilia wakati wa kuondoka. Mara nyingi hupungua mzee akishawazoea wahudumu.