Kludge si Kijerumani cha "akili", na aliyewaambia hivyo alikuwa anatania

Hii ni mara ya nne naambiwa eti kludge, neno la Kiingereza la dude lililoundwa kwa vipande visivyolingana lakini linafanya kazi, ni sifa. Ya kwanza nilinyamaza kwa adabu, ya pili nilikohoa, ya tatu nilimfuata mtoa mada nje wakati wa chai. Alhamisi iliyopita slaidi ikapanda tena ukutani, kwenye mafunzo ya waandishi wa programu, herufi kubwa za njano: KLUDGE, KUTOKA KIJERUMANI, KLUG, MAANA YAKE AKILI. Kijana aliyekuwa anafundisha akatabasamu, akasema, "Kwa hiyo wateja wakisema msimbo wenu ni kludge, msinune. Mmesifiwa." Ukumbi mzima ukaandika. Binti aliyekaa jirani yangu akaandika na kupigia mstari mara mbili.

Mdogo wangu, kamwambie mhandisi yeyote wa Marekani kwamba mfumo wake ni kludge ukidhani unamsifu, halafu usinitafute.

Klug ni neno la Kijerumani kweli, na maana yake ni mwerevu. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni namna lilivyofika kwenye slaidi. Februari 1962, Jackson W. Granholm aliandika makala kwenye jarida la kompyuta la Marekani lililoitwa Datamation, akifundisha jinsi ya kubuni kludge. Makala ya mzaha mwanzo hadi mwisho. Anajifanya anatoa ushauri wa kitaalamu wa kuunda mashine mbovu, kwa sauti ile ile nzito ya vitabu vya uhandisi. Na kama kitabu chochote kizito, akaanza na asili ya neno: eti linatoka shina moja na klug, halafu akashusha orodha ya ndugu zake, Kiholanzi, Kiswidi, Kidenmaki, Kigothi, mpaka Kisanskriti. Zamani lilimaanisha werevu, akasema, kisha kwa mizunguko ya lugha likaja kumaanisha kinyume chake.

Mtu anayekufundisha kutengeneza kompyuta mbovu akianza kukutajia Kisanskriti, cheka. Usinukuu.

Sisi wenyewe mchezo huu tunaujua. Uliza asili ya jina Bagamoyo: utapewa wapagazi waliobwaga moyo kwa kupumzika, na utapewa mateka waliobwaga moyo kwa kukata tamaa, na kila msimuliaji atakuapia kwamba yake ndiyo yenyewe. Neno likishafanana na neno jingine, hadithi haikosi.

Kitu kizuri kwenye makala ile ni fasili, na hiyo ndiyo ingestahili slaidi ya njano. Granholm alisema kludge ni mkusanyiko wa vipande visivyolingana, vilivyooanishwa vibaya, vinavyofanya kitu kizima cha kutia simanzi. Zaidi ya miaka 60 imepita na sijaona aliyeisema vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni sauti, maana sauti ndiyo inayoniudhi zaidi. Mjerumani akitamka klug, ile g ya mwisho inakuwa k: kluuk. Akiongeza e, kluge, g inarudi lakini ni g ya gari, g ya gongo. Hakuna j popote. Wamarekani wanatamka kluuj, j ya jamvi kabisa. Kutoka g ya gari kufika j ya jamvi, lazima katikati awepo mtu aliyelisoma neno kwa macho, kwenye karatasi au kwenye bati, akalitamka kwa sheria za Kiingereza bila kumsikia Mjerumani hata mmoja.

Na bati lenyewe lipo. Kuna kampuni ya mashine za uchapaji iliyoanzia Minnesota, Marekani, Brandtjen & Kluge, ambayo jina lake la pili ni la ukoo wa Kijerumani. Walitengeneza kifaa cha kulisha karatasi kwenye mashine ya kuchapa. Wadukuzi wa zamani, yaani mabingwa wa programu na si wezi, wale wa kamusi yao iitwayo Jargon File, wanasimulia kwamba kifaa hicho kilibuniwa kabla ya mota ndogo za bei nafuu, kwa hiyo kila kitu kiliendeshwa na mhimili mmoja: mikanda, magurudumu na vyuma vya kusukumana, vyote vikisubiriana. Kilikuwa cha ajabu kwa ubunifu, na fundi aliyeitwa kukitengeneza alijuta. Naipenda hadithi hii kuliko zote, na ndiyo maana naiogopa. Imekaa vizuri mno. Hata ikiwa ya kweli, Kijerumani kitakuwa kimeingia kwa mlango wa jikoni, kupitia jina la ukoo kwenye bati la mashine, na akili haimo.

Kisha kuna hadithi ya wanamaji. Hii ilichapwa mwaka 1947, katika mkusanyo wa visa vya askari wa Marekani wa Vita ya Pili ya Dunia. Kijana mmoja, Murgatroyd, anaandikishwa jeshini. Karani anamuuliza kazi yake uraiani. Anajibu: mtengeneza kluge. Karani hajui kluge ni nini, lakini atauliza vipi mbele ya foleni? Anaandika. Kila mkubwa anayeliona faili naye hajui, naye haulizi. Murgatroyd anakula mshahara kwa raha zake, mpaka siku anakuja admirali, anasoma orodha, anataka kuiona hiyo kluge. Basi Murgatroyd anaomba vifaa, anajifungia, anatoka na dude la nyaya na springi zinazochomoza kila upande. Anapotaka kulikabidhi linamponyoka, linadondoka baharini, na linapozama linalia: kluuuj.

Kwa Kiswahili lingelia chubwi, na tungekuwa tunaandika makala kuhusu chubwi.

Kisa ni cha kubuni, sawa. Lakini karatasi kilimochapwa si ya kubuni. Miaka 15 kabla ya Granholm, neno tayari liko midomoni mwa askari, linaandikwa kluge bila d, na linataja dude ambalo hakuna anayelielewa na hakuna anayethubutu kuliuliza. Mtu hawezi kuwa baba wa mtoto aliyemkuta anatembea.

Hiyo d ni mkasa mwingine, niupitie haraka. Granholm aliandika kludge, na tahajia yake ndiyo iliyosambaa. Ubaya wake ni kwamba Kiingereza kikiona -udge kinataka kusema "aj", kama kwenye judge, na Waingereza wengi ndivyo wanavyolisoma: klaj. Wamarekani wakabaki na kluuj. Waskoti nao wana neno cludgie, yaani choo, na wapo wanaodai hapo ndipo neno lilipozaliwa. Linafurahisha, hasa ukiwa unasoma msimbo wa mtu mwingine usiku wa manane. Zipo kamusi kubwa ambazo, ukizisoma kwa makini, zinaweka alama ya shaka kwenye asili. Kwenye slaidi alama ya shaka haipendezi, kwa hiyo inafutwa.

Asili tuiache hapo. Maana ndiyo inayonitoa jasho, kwa sababu kosa la pili ni la watu ninaowaheshimu. Wakikataa kwamba kludge ni sifa, wanakimbilia upande wa pili: "Aa, basi ni kulipua kazi." Nimeona hata kwenye tafsiri niliyopewa niihariri. Sikubali.

Kulipua tunakujua. Fundi maiko anapaka plasta ya mchanga mtupu, anachukua hela, masika ya kwanza ukuta unalia. Aliyelipua alijua njia nzuri, au hakujali kuijua, akaenda na bora liende. Kazi ya kulipua ina sura nzuri siku ya kukabidhi na inaanguka baadaye. Kludge ni kinyume kabisa: sura yake inatisha tangu siku ya kwanza, na inafanya kazi.

Chukua kandambili. Kile kifundo cha mkanda kimechomoka kwenye tundu, tundu limepanuka, hakirudi. Unakirudisha kwa nguvu mpaka kitokeze upande wa chini wa soli, halafu unachoma msumari mdogo ukipita katikati ya kifundo, umelala kama kipini, usichomoke tena. Unatembea. Msumari unakwaruza sakafu, kra, kra, nyumba nzima inajua umeamka. Huwezi kuivaa msibani. Hakuna mbunifu wa viatu aliyewahi kufikiria msumari. Lakini unafika dukani na unarudi, wiki ya kwanza, mwezi wa tatu, na siku ukiutoa msumari kwa kuona aibu, unarudi nyumbani peku. Hiyo ndiyo kludge. Vipande havilingani, umbo linasikitisha, na mwenyewe anajua fika alichokifanya. Hilo la mwisho kwangu ni la lazima: mlipuaji anaficha, mwenye kludge anaona haya lakini anakuonyesha.

Mfano wa heshima zaidi, kwa wanaotaka: Apollo 13, safari ya Wamarekani ya kwenda Mwezini iliyopata ajali njiani, Aprili 1970. Wanaanga watatu wamehamia kwenye chombo kidogo kilichokusudiwa watu wawili, hewa ukaa inapanda. Vichujio vya ziada vipo kwenye chombo kikubwa, lakini ni vya pembe nne, na nafasi za chombo kidogo ni za duara. Wahandisi waliobaki duniani wakawatungia kifaa cha mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mabomba ya mpira ya mavazi ya anga na tepu. Kibaya kwa macho. Watu wakapumua. Kuna atakayesema walilipua kazi?

Kwa hiyo tuite nini kwa Kiswahili? Kiraka kimeshachukuliwa, tunakitumia kwa marekebisho rasmi yanayoshushwa na watengenezaji. Ubabaishaji ni tusi, na una harufu ya utapeli. Ninayoikaribia ni kuungaunga: "nimeungaunga, inatembea". Ina kurudiarudia kule kunakoonyesha mkono unaohangaika, na ina unyenyekevu. Kasoro yake ni kwamba watu huungaunga maisha pia, na huko hakuna kifaa cha kumwonyesha mtu. Nimejaribu kluji kwenye maandishi yangu, wahariri wameirudisha mara zote na alama nyekundu.

Na hapa ndipo mwenyewe ninapoyumba. Ule mpaka niliouchora kwa mbwembwe, kludge huku na kulipua kule, haukai pale pale. Miaka kadhaa nyuma niliandika mfumo wa risiti wa duka la dawa linalokesha. Seva ilikuwa ng'ambo, ikisoma saa za Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu mwaka mzima, hatuna mambo ya kusogeza saa kufuata majira. Njia sahihi naijua: hifadhi muda wa Greenwich, ubadilishe wakati wa kuonyesha tu. Lakini makabidhiano yalikuwa kesho yake. Nikajumlisha sekunde 10800 kabla ya kuhifadhi, nikaandika juu yake "usiguse", nikalala. Miaka mitatu haikukosea hata dakika moja. Ilikuwa kludge safi, na nilimwonyesha kila aliyeuliza.

Kisha wakahamishia seva hapa nchini, ikasoma saa za hapa, nami nilikuwa nimeshaondoka. Kuanzia hapo dawa iliyouzwa saa tatu na robo usiku ilitoka na risiti ya saa sita na robo, tarehe ya kesho. Mhasibu alipokuja juu nikaitwa. Swali nililoshindwa kujijibu njiani ni hili: je, siku seva ilipohama, kludge yangu iligeuka kuwa kazi ya kulipua, au ilikuwa hivyo tangu mwanzo na mimi nilikuwa nafichwa na bahati? Msimbo haukubadilika hata herufi.

Nikafungua faili, nikaukuta mstari wangu. Nikataka kuufuta. Kabla ya kuufuta nikapitia upande wa ripoti, na humo nikakuta ndugu fulani, aliyenirithi, ameandika kutoa 10800, na juu yake neno moja: "samahani". Ndiyo maana ripoti zilikuwa sawa na risiti haziko sawa. Ripoti za zamani, za kabla ya kuhama, zilikuwa nyuma kwa saa tatu, ila hakuna aliyekuwa anazifungua. Nikifuta wa kwangu peke yake, ripoti za leo nazo zinarudi nyuma. Nikifuta yote miwili, risiti zilizotoka tangu seva ihame zitabaki zimepotoka kwenye hifadhidata milele.

Nikaandika mstari wa tatu: kama tarehe ni kabla ya kuhama, acha, kama ni baada, toa. Juu yake nikaweka neno lenyewe, kluge, bila d. Mhasibu, mama mmoja mtu mzima asiye na haraka, akainama kwenye skrini akaniuliza, "Baba, hii ndiyo nini?"

Nikamwambia ni Kijerumani.