Je, wajua kwa nini ubeti wa Kisanskriti unamtaja ndugu karibu na mwizi?

Huko India kuna ubeti wa kuisifu elimu, kwa lugha ya kale ya Kisanskriti, ambao watoto wengi wa shule huukariri kabla hata hawajaujua maana. Mtunzi wake hajulikani. Nimeuandika kwa herufi zetu. Irabu iliyorudiwa, ivute kidogo:

Na chorahaaryam na cha raajahaaryam
na bhraatribhaajyam na cha bhaarakaari
vyaye krite vardhata eva nityam
vidyaadhanam sarvadhanapradhaanam

Yaani: mwizi haiibi, mfalme hainyang'anyi, ndugu hawagawani, wala haimlemei aliyeibeba, ukiitumia ndiyo kwanza inazidi. Mali ya elimu ni kuu kuliko mali zote. Usichanganywe na maneno: chora hapa ni mwizi, na dhana ni mali, haina undugu na dhana yetu iliyotoka Kiarabu.

Mswahili atauliza vina viko wapi. Havipo. Mizani ipo, 11 kila mshororo, ila Kisanskriti hakitosheki na kuhesabu silabi. Kinazipima pia urefu. Silabi ya kwanza iko huru, zinazofuata ni ndefu, fupi, ndefu, ndefu, fupi, fupi, ndefu, fupi, ndefu, na ya mwisho husamehewa. Mtoto akifupisha isiyostahili, mwalimu anasikia mdundo umechechemea hata kama hakuwa anasikiliza maneno.

Mwizi na mfalme tunawaelewa upesi: mmoja huja usiku, mwingine hutuma watoza kodi. Ndugu je? Katika familia za Kihindu mali ilikuwa ya ukoo mzima, na siku ya kugawana kila ndugu wa kiume alidai fungu lake. Sheria za kale za Manu zilikuwa zimesema mali iliyochumwa kwa elimu ni ya aliyeichuma peke yake. Lakini kama karo ililipwa na familia? Hapo mabishano hayakwisha. (Nani kwetu hajawahi kuambiwa "tuliuza ng'ombe ili usome"?)

Shauri lilifika hadi London. Mwaka 1921 Baraza la Mfalme, lililokuwa mahakama ya rufaa ya mwisho kwa India ya wakati huo, liliamua kwamba mapato ya afisa wa serikali ya kikoloni aliyesomeshwa kwa fedha za familia ni mali ya familia. Wasomi hawakufurahi. Mwaka 1930 ikatungwa sheria mahsusi ya mapato ya elimu kwa Wahindu: anachochuma msomi ni chake, hata kama ukoo ndio uliomlipia masomo, hata kama ndio uliomlisha yeye na mkewe na wanawe muda wote alipokuwa akisoma.