Mng'ao Ubongoni mwa Panya na Yanayodhaniwa Juu Yake

Karibu kila mgeni anayeonyeshwa video ya ubongo wa panya anayezunguka kwa uhuru katika boksi lake, iliyopigwa kwa hadubini ndogo iliyofungwa kichwani mwake, akaziona seli ziking'aa na kufifia, hutamka neno lilelile: "Kumbe umeme wa ubongo unaonekana kwa macho!" Hauonekani.

Kinachong'aa ni GCaMP, protini ambayo seli huitengeneza yenyewe baada ya kuingiziwa jeni yake, mara nyingi kwa kutumia kirusi kisichoweza kuzaliana. Seli inapofyatua mpigo wa umeme, kalsiamu huingia ndani yake na kushikana na protini hiyo, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hutoa kijani kikali kuliko awali. Tunachokiona, basi, ni dalili ya kalsiamu, na umeme tunaukadiria kutokana na dalili hiyo. Mpigo mmoja huchukua takriban milisekunde 1, ilhali mng'ao wa GCaMP6f, toleo la mwaka 2013 linalosifiwa kwa wepesi, huhitaji zaidi ya milisekunde 100 kupungua hadi nusu. Ndiyo maana mipigo kadhaa iliyofuatana upesi huonekana kama kilele kimoja kwenye grafu, na mpigo uliojitenga huweza kumezwa na chengachenga za picha. Mwanafunzi anayehesabu vilele kisha akauandika mhimili wake "idadi ya mipigo" hunikera kuliko kamera iliyoharibika. Aandike "badiliko la mng'ao", na akihitaji wakati halisi wa kila mpigo atumie elektrodi, yaani waya mwembamba unaopima umeme wenyewe.

Wengine hudai kwamba hadubini ya kichwani haimsumbui mnyama kwa kuwa ni ndogo. Ile iliyotangazwa na watafiti wa Stanford mwaka 2011 ilikuwa na gramu 1.9, lakini panya mwenyewe ana gramu 20 hadi 30 tu, na waya unamfuata nyuma. Mzoesheni kwa kifaa bandia chenye uzito uleule kabla ya kurekodi lolote. Wanaoruka hatua hii hupima usumbufu wakidhani wanapima tabia.

Wala hatuoni ubongo mzima. Eneo linaloonekana kwa kawaida halifiki milimita 1 kwa upana, na ili kuifikia hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), hulazimu kuondoa kipande cha gamba la ubongo lililo juu yake.

Iko pia dhana kwamba seli isiyoonekana siku ya pili imekufa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, seli za mahali za hipokampasi, yaani zile zinazofyatua mnyama anapokuwa mahali fulani, zilifuatiliwa kwa wiki kadhaa, na ikabainika kwamba makundi yaliyobainisha mahali katika siku mbili tofauti yalishiriki asilimia 15 hadi 25 tu ya seli zake, ingawa nyingi zilirejea baadaye, na zikirejea zilibainisha mahali palepale. Kabla ya kuandika tanzia, hakikisheni kwanza kwamba picha za siku hizo mbili zimelinganishwa sawasawa.