Sauti Iliyopotea Baada ya Kupandisha Debian 11 Kwenda Debian 12: Uchunguzi Uanzie Chini

Kompyuta mpakato zenye prosesa za Intel za miaka ya karibuni zina tatizo moja ambalo nimelikuta mara nyingi tangu Debian 12, toleo la mfumo endeshi wa Linux uitwao Debian, ilipotoka mwezi Juni 2023. Mwenye kompyuta anapandisha mfumo kutoka toleo la 11, kazi inakwisha bila kosa lolote kuonekana, kompyuta inawaka vizuri, faili zake zote zipo, lakini haitoi sauti. Alama ya spika bado iko juu ya skrini na kitelezi kinasogea kama kawaida, ila akifungua mipangilio ya sauti anakuta kifaa kimoja tu kimeorodheshwa, nacho kinaitwa "Dummy Output". Maana yake ni kwamba mfumo haukupata kifaa chochote halisi cha kupelekea sauti, ukajitengenezea cha bandia ili programu zisikwame.

Ushauri anaopewa mtu wa namna hii kwa kawaida ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kuondoa PipeWire, programu inayosimamia sauti, na kurudisha PulseAudio iliyokuwa ikifanya kazi hiyo zamani, kwa sababu Debian 12 yenye eneokazi la GNOME ndiyo iliyohamia PipeWire na kila mtu anaitilia shaka. Wa pili ni kupiga mfumo upya, jambo linalokula siku nzima na bando kubwa, na ambalo halihitajiki kabisa hapa. Napinga ushauri wote wawili kwa sababu moja: unatolewa kabla hajajulikana mgonjwa ni nani.

Sauti katika Linux hupita katika tabaka kadhaa. Chini kabisa kuna maunzi, yaani chipu ya sauti na spika zenyewe. Juu yake kuna keneli, yaani kiini cha mfumo, ambayo ndani yake kuna viendeshi vya ALSA (sehemu ya keneli inayoshughulikia sauti) vinavyozungumza na chipu. Kisha inakuja PipeWire ikisaidiwa na WirePlumber, ambazo kazi yake ni kuamua sauti ya programu ipi iende kwenye kifaa kipi, na mwisho ndipo kipo kivinjari au kicheza muziki ambacho mtu anakiona. Tabaka la juu haliwezi kufanya kazi ikiwa la chini limekufa, kwa hiyo swali la kwanza ni kama keneli yenyewe inaiona kadi ya sauti. Jibu linapatikana kwa amri moja isiyobadilisha kitu chochote:

cat /proc/asound/cards

Likija jibu la `--- no soundcards ---`, iache PipeWire salama, kwa kuwa haijapewa kadi ya kuifanyia kazi. Hatua inayofuata ni kuiuliza keneli ilikutana na nini wakati wa kuwaka:

sudo dmesg | grep -i sof

Katika kompyuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, mstari wa kutafuta unafanana na huu:

sof-audio-pci-intel-tgl 0000:00:1f.3: Direct firmware load for intel/sof/sof-tgl.ri failed with error -2

Mstari huu unastahili kusomwa kwa utulivu, kwa sababu karibu kila kitu kimeelezwa humo. Namba 0000:00:1f.3 ni anwani ya kifaa cha sauti, na kuwapo kwake kunathibitisha kuwa chipu haijafa na keneli imeiona. Jina la mwanzo ni la kiendeshi kilichochaguliwa, kwa hiyo kiendeshi nacho kipo. Kilichokosekana ni faili liitwalo `sof-tgl.ri`, na kosa namba -2 katika lugha ya keneli linamaanisha kwamba faili lililoombwa halipo kwenye diski. Hakuna kilichoungua wala kulegea, na hakuna sababu ya kumpelekea fundi afungue kompyuta.

Faili hilo ni programu dhibiti (firmware). Chipu ya sauti katika kompyuta hizi ina kichakataji chake kidogo, na kichakataji hicho hakihifadhi programu yake umeme unapokatika. Kila kompyuta inapowaka, kiendeshi hulazimika kulichukua faili hilo kutoka `/lib/firmware/intel/sof` na kulipakia ndani ya chipu, kisha kusoma faili la pili linaloeleza jinsi spika na maikrofoni zilivyounganishwa katika mashine husika. Programu dhibiti hizi zinatoka katika mradi wa Sound Open Firmware uliotangazwa mwaka 2018, na kompyuta nyingi zilizoko sokoni hukubali tu mafaili yaliyotiwa saini ya Intel, ndiyo maana kifurushi chake katika Debian kinaitwa `firmware-sof-signed`.

Kwa nini basi faili lipotee wakati wa kupandisha toleo? Mwezi Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura na kukubali programu dhibiti zisizo huru ziingizwe katika diski rasmi za kusakinishia. Kutokana na uamuzi huo, vifurushi hivyo vilitolewa katika sehemu ya hazina ya vifurushi iitwayo `non-free` na kuwekwa katika sehemu mpya, `non-free-firmware`. Aliyebadilisha neno `bullseye` (jina la Debian 11) kuwa `bookworm` (jina la Debian 12) katika `/etc/apt/sources.list` bila kuongeza sehemu hiyo mpya hakuonyeshwa kosa, maana `non-free` bado ipo na ni halali, lakini kifurushi chake hakikupata tena toleo jipya. Kikahesabiwa kuwa kimepitwa na wakati, na alipofuata desturi njema ya kusafisha kwa `apt purge '~o'`, kikafutwa pamoja na vilivyostahili kufutwa. Hata pale ambapo hakikufutwa, kinabaki cha zamani chini ya keneli mpya ya 6.1, na huenda kikakosa faili ambalo keneli hiyo inalitaka.

Tiba ni kuurekebisha mstari wa hazina usomeke hivi, na kufanya vivyo hivyo katika mistari ya masasisho na ya usalama:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware

Kisha `sudo apt update`, ikifuatiwa na `sudo apt install firmware-sof-signed`. Baada ya hapo napendelea kuizima kompyuta kabisa kuliko kuiwasha upya tu, ili chipu ianze ikiwa tupu.

Iko njia ya mkato inayosambazwa sana, ya kuandika `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1` katika faili la `/etc/modprobe.d/`. Inailazimisha keneli kutumia kiendeshi cha zamani kisichohitaji programu dhibiti, na katika mashine nyingi spika hurudi papo hapo. Siipendekezi kama suluhisho la kudumu. Maikrofoni za ndani za kompyuta nyingi za sasa ni za kidijitali na zimeungwa kwenye kile kichakataji kidogo, kwa hiyo mtu anapata muziki lakini anakuwa bubu kwenye mkutano wa mtandaoni, na mara nyingi hagundui mpaka siku ya mkutano. Kompyuta zinazotumia njia ya SoundWire kuunganisha vifaa vya sauti hazinufaiki nayo kabisa.

Kadi ikionekana na sauti bado haipo, hapo ndipo tunapanda juu. Fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi halisi, na penye alama MM, yaani sauti imezimwa, bonyeza herufi M kuifungua. Endesha pia `wpctl status` uone kama kifaa chenye nyota si HDMI ya runinga isiyokuwapo.

Jambo la mwisho linahusu Wi-Fi. Usafishaji ule ule unaweza kuwa umefuta `firmware-iwlwifi`, programu dhibiti ya Wi-Fi za Intel, kwa kuwa nacho kilihamishiwa sehemu hiyo mpya, na bila intaneti hakuna kifurushi kitakachoshuka. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa humo huduma ya kushiriki intaneti, na usakinishe vifurushi vyote viwili kwa pamoja kabla ya kuizima kompyuta.